Walimuuza Mancini, nami nimewasamehe nusu

Tarehe 28 Julai 2022 nilikuwa Camden Yards, uwanja wa Orioles, timu ya besiboli ya Baltimore, nimekaa upande wa jua kwa sababu tiketi za kivulini zilinishinda bei. Ilikuwa Alhamisi mchana, mechi ya mwisho ya nyumbani kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, na uwanja mzima ulijua kwamba huenda Trey Mancini asivae tena jezi ya Orioles pale. Alipokuja kupiga kwa mara ya mwisho, iningi (kipindi cha mchezo) ya nane kati ya tisa, tulisimama wote. Mpira alioupiga haukuwa na lolote la ajabu. Ulipaa kuelekea kulia, mlinzi wa Tampa Bay akaunyoshea glavu, jua likamwingia machoni, mpira ukampiga usoni na kuanguka. Mancini si mtu wa mbio, lakini siku hiyo alizunguka besi zote nne mpaka nyumbani. Homurani ya ndani ya uwanja, yaani kuzunguka mpaka nyumbani kwa mpigo mmoja bila mpira kutoka nje. Watu wazima walilia. Mimi nilijifuta uso nikasema ni jasho.

Siku nne baadaye wakamuuza Houston.

Kwa mwaka mzima nilikuwa sitaki kusikia jina la Mike Elias, meneja mkuu aliyefanya biashara ile. Siku hizi nimelainika, ila si kwa sababu ambayo mashabiki wenzangu huwa wanaitoa. Kila Julai ikikaribia mjadala unarudi palepale: timu inayosuka kikosi upya iwauze wakongwe wake, au iwaache wamalize msimu na watu wao? Nadhani tunauliza swali hilo kwa upande mmoja tu.

Kwa msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga inabidi nieleze kidogo. Kwenye soka mchezaji akihama kuna fedha inalipwa na yeye mwenyewe lazima akubali. Kwenye besiboli ya Marekani klabu hubadilishana binadamu kwa binadamu, na mhusika hupigiwa simu tu akaambiwa sasa wewe ni wa mji fulani, panda ndege. Mancini alihamishwa timu ikiwa ugenini Texas. Anayeweza kukataa ni yule mwenye kipengele kwenye mkataba wake, au yule mwenye miaka kumi kwenye ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa na klabu ileile. Adam Jones, nahodha wetu wa moyoni, alikuwa na haki hiyo mwaka 2018. Klabu ilitaka kumpeleka Philadelphia, akasema hapana, akabaki kumaliza msimu na timu iliyopoteza mechi 115. Mimi nilimpenda zaidi. Ofisini nadhani walikuna vichwa.

Hesabu ya ofisini si ngumu. Una mkongwe ambaye mkataba wake unakwisha mwisho wa msimu. Timu yako iko mkiani. Amebakiza miezi miwili, na akipiga vizuri katika miezi hiyo utapoteza mechi 95 badala ya 97. Kwingine kuna timu inayowania ubingwa, mchezaji wake ameumia, na iko tayari kukupa kijana wa miaka ishirini ambaye akifika ligi kuu atakuwa chini yako miaka sita kabla ya kuwa huru. Miezi miwili kwa miaka sita. Hata muuza nazi pale Tanga angekubali bila kuomba muda wa kufikiri.

Ila kijana mwenyewe hujui kama ni nazi au ni kifuu.

Hapo ndipo watu huleta mfano wa Chicago Cubs, na ni mfano mzuri kweli, ngoja nikae nao. Mwaka 2012 Cubs walipoteza mechi 101. Walikuwa na mrushaji mkongwe, Ryan Dempster, mwenye ile haki ya kukataa. Wakapatana na Atlanta, Dempster akagoma. Dakika za mwisho za siku ya mwisho akakubali kwenda Texas, na Cubs wakapewa vijana wawili wa ligi za chini. Mmoja wao aliitwa Kyle Hendricks, mrushaji asiye na kasi, ambaye ungemwona barabarani ungedhani ni mwalimu wa hesabu. Mwaka 2016, mechi ya saba ya World Series, fainali ya ubingwa, Cubs hawajachukua ubingwa tangu 1908, aliyepewa mpira kuanza ni Hendricks.

Mwaka uliofuata baada ya Dempster, Julai 2013, waliuza mrushaji mwingine wa mkataba mfupi, Scott Feldman, pamoja na mdakaji wa akiba. Mnunuzi alikuwa nani? Ni sisi, Baltimore. Tulitoa Jake Arrieta na Pedro Strop. Arrieta kwetu alikuwa ameshindikana, anarusha kwa nguvu bila kujua mpira unakwenda wapi. Chicago wakamwacha arushe anavyotaka mwenyewe, mwaka 2015 akachukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora, na kwenye World Series ya 2016 akashinda mechi mbili. Feldman alitutumikia miezi mitatu, hatukufuzu mtoano, mwisho wa msimu akaondoka zake. Kwa hiyo mtu wa Baltimore akiniambia kuuza wakongwe ni ujinga, namkumbusha kwamba ujinga ule tuliununua sisi kwa fedha taslimu.

Nilikuwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia zamu za usiku, mwenyeji wa Baltimore wa tangu nitoke, aliyeona kwa macho yake ubingwa wa 1966, wa 1970 na wa 1983. Besiboli nimefundishwa na yeye na redio yake. Nami nilimfundisha kuitikia marahaba, ikawa ndiyo salamu yetu kila nikiingia. Yeye alikuwa na neno moja tu dhidi ya biashara hizi: Cal Ripken hakuuzwa. Kuanzia 1981 mpaka 2001 jezi moja, mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja. Timu ikiwa nzuri Ripken yupo, ikiwa mbovu Ripken yupo. Kwa mzee, shabiki anahitaji kitu kimoja kisichohama.

Sikuwa na jibu wakati ule. Baadaye nilisoma habari za mwaka 1988 nikacheka peke yangu. Mwaka huo Orioles, Ripken akiwemo, walianza msimu kwa kupoteza mechi 21 mfululizo, rekodi ambayo watoto wa huku bado wanaitania. Julai mwaka huohuo wakamuuza mrushaji wao mzoefu, Mike Boddicker, shujaa wa mtoano wa 1983, kwenda Boston. Wakapata vijana wawili: Brady Anderson, ambaye mwaka 1996 alipiga homurani 50 akiwa na jezi yetu, na Curt Schilling. Ndiyo, Schilling huyohuyo aliyekuja kuwa mrushaji nyota. Mzee alikuwa anajua yote hayo, ila hakuwahi kuyataja. Wala hakutaja kilichofuata: Januari 1991 klabu ilimtoa Schilling pamoja na Steve Finley na Pete Harnisch kwa Houston ili kumpata mpigaji mmoja, Glenn Davis, ambaye aliumwa karibu muda wote aliokuwa hapa. Tuliuza vizuri kisha tukanunua vibaya. Habari hiyo nimeiweka makusudi, kwa sababu nitakachosema hapo chini kinaweza kuonekana rahisi kuliko kilivyo.

Turudi 2018. Baada ya mechi 115 zilizopotea, au tuseme katikati yake, Orioles waliuza karibu kila kilichokuwa na miguu. Manny Machado alikwenda Dodgers kwa vijana watano. Zach Britton Yankees. Kevin Gausman Atlanta. Jonathan Schoop Milwaukee. Ukiuliza leo vile vikapu vya vijana vilileta nini, jibu linatia huruma. Kwa Machado tulipata mrushaji wa kuaminika wa wastani, Dean Kremer, na wengine wanne ambao shabiki wa kawaida hawezi kuwataja. Waliobaki walitoa mavuno kidogo zaidi ya hapo.

Basi timu nzuri ya 2023, iliyoshinda mechi 101, ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kupoteza. Adley Rutschman alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2019, yaani zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya, kwa sababu mwaka uliotangulia tulikuwa wa mwisho duniani. Gunnar Henderson alichukuliwa drafti hiyohiyo, raundi ya pili. Jackson Holliday, wa kwanza mwaka 2022, baada ya kupoteza mechi 110. Kuuza wakongwe kulitusaidia zaidi kwa kutufanya wabovu kuliko kwa vijana tuliopewa. Hili mashabiki hawapendi kulisikia, na viongozi wa klabu hawapendi kulisema.

Njia hiyo sasa imezibwa kiasi. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji wa Machi 2022 ulileta bahati nasibu: nafasi sita za juu za drafti zinapigiwa kura kati ya timu zisizofuzu mtoano, na kuna masharti ya kuzuia timu ileile kufaidi miaka mfululizo. White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kufika huko, na masharti hayo yakawafanya wachague wa kumi. Fikiria unavumilia msimu mzima wa aibu, halafu unaambiwa panga foleni nyuma ya timu tisa. Mkataba huohuo uliongeza nafasi za mtoano zikawa kumi na mbili. Kwa hiyo timu ya katikati Julai haiko mbali na meza kama zamani, na timu ya mkiani haipati zawadi kubwa kwa kuwa mkiani. Anayeuza wakongwe sasa ategemee kile anachopewa mkononi, na kwa hiyo ajue kuchagua vijana.

Washington wako mwendo wa saa moja kutoka kwangu, na wao ndio wananitisha. Walichukua ubingwa 2019. Julai 2021 walimtoa Max Scherzer na Trea Turner kwa pamoja kwenda Dodgers. Mwaka uliofuata wakamtoa Juan Soto, kijana wa miaka 23 ambaye hata si mkongwe, kwenda San Diego. Na walipewa vitu vya kweli: James Wood alitoka hapo, CJ Abrams alitoka hapo. Mauzo yale hayakuwa mabaya. Lakini mwaka 2025, misimu minne kamili tangu Scherzer aondoke, walipoteza mechi 96, na meneja mkuu na kocha walikuwa wamefukuzwa tangu Julai. Walilima, wakapanda, wakapalilia, kisha hakuna aliyekwenda dukani kununua mafuta ya kupikia.

Linganisha na Cubs. Desemba 2014, timu yao ikiwa bado haijafuzu lolote, walimsajili Jon Lester kwa dola milioni 155 kwa miaka sita. Hawakusubiri kuwa na uhakika. Walikuwa wameuza miaka mitatu mfululizo, Julai 2012, 2013, 2014, halafu ikafika siku wakasema basi. Houston vilevile. Walipoteza mechi 106, 107 na 111 kwa miaka mitatu iliyofuatana, waliuza hadi viti, na Agosti 2017 walipoona nafasi wakamnunua Justin Verlander kutoka Detroit kwa kutoa vijana watatu. (Najua, najua, ubingwa wa 2017 una doa la wizi wa ishara za wapinzani, na anayetaka kuuzungumzia ana haki. Mimi nazungumzia sokoni.) Kuna uzi mmoja pale naupenda sana. Mwaka 2011 Houston walimuuza Hunter Pence, kipenzi chao, wakapata vijana wanne, mmoja akiitwa Jarred Cosart. Mwaka 2014 wakamtoa Cosart kwa Miami, na kati ya walivyopata kulikuwa na nafasi ya drafti ambayo waliitumia kumchukua Daz Cameron. Na Daz Cameron ni mmoja wa wale watatu waliokwenda Detroit kwa ajili ya Verlander. Kutoka Pence mpaka Verlander ni miaka sita. Huko ndiko kuuza kwenye maana: unajua unachotaka kununua hata kama hujui lini.

Sasa Mancini. Alikuwa wetu tangu drafti ya 2013. Mwaka 2019 alipiga homurani 35 kwenye timu isiyo na kitu. Machi 2020 akagunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu. Akapasuliwa, akapata tiba ya dawa msimu mzima, na 2021 akarudi uwanjani kana kwamba alikwenda likizo. Mwaka 2022, Rutschman amepanda Mei, Julai tukashinda mechi kumi mfululizo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtaani kwangu watu walikuwa wanataja msimamo wa ligi kwenye kituo cha basi. Katikati ya raha hiyo akauzwa. Kesho yake Jorge López, mrushaji wetu wa kumalizia mechi aliyetoka tu kwenye mechi ya nyota, naye akauzwa Minnesota. Tulimaliza na ushindi 83. Tampa Bay walichukua nafasi ya mwisho ya mtoano kwa ushindi 86.

Mechi tatu. Nimezihesabu usiku mwingi zamu ya usiku.

Ila nikikaza roho nikaangalia karatasi, Mancini Houston alipiga wastani wa .176, yaani chini ya mpigo mmoja kwa kila majaribio matano. López naye Minnesota aliporomoka, na kwetu Félix Bautista akachukua kazi yake akawa moto wa kuotea mbali. Kati ya vijana waliotoka Minnesota alikuwemo Yennier Cano, ambaye mwaka 2023 alicheza mechi ya nyota. Mechi zile tatu Mancini asingetupa. Na yeye mwenyewe, aliyechumia juani Baltimore miaka yote ile, akaenda kulia kivulini Houston: Novemba 2022 alikuwa bingwa wa World Series. Mchezo wa tano, iningi ya nane, alisimama besi ya kwanza akadaka kombora la Kyle Schwarber lililokuwa linatosha kugeuza mambo. Nilipiga kelele sebuleni kwa timu ambayo si yangu.

Kwa hiyo kumuuza nimewasamehe. Nusu ya pili sijawasamehe, na ni hii. Julai 2023 tulikuwa tunaongoza kundi, ghala la vijana limejaa hadi dari, na tulichonunua kabla dirisha halijafungwa ni Jack Flaherty na Shintaro Fujinami. Flaherty aliwapa wapinzani zaidi ya mbio (pointi) sita kwa kila iningi tisa. Oktoba tukafagiwa na Texas mechi tatu bila. Mtu aliyekuambia mwaka jana vumilia, tunamtoa rafiki yako kwa ajili ya kesho, amefikishwa kesho na bado anaweka akiba. Mwaka 2024 walijitahidi, walimleta Corbin Burnes, wakafagiwa tena na Kansas City, na Burnes akaondoka kwenda Arizona. Mwaka 2025 msimu ukaharibika, Mei kocha Brandon Hyde akafukuzwa, na Julai tukawa wauzaji tena: Cedric Mullins, Ryan O'Hearn, Ramón Laureano, Charlie Morton, na wengine mpaka nikachoka kusoma orodha. Kuna kijana kazini, shabiki mpya, aliniuliza kama sisi huwa tunauza kila mwaka. Nilikosa jibu la haraka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema usiuze mkongwe kwa sababu ya moyo wa timu, ingawa moyo wa timu naujua upo. Chumba cha kubadilishia nguo kinahitaji mtu mzima anayemwambia kijana wa miaka 21 kwamba kukosa mipigo kumi na tano mfululizo si mwisho wa maisha. Mtu huyo unaweza kumpata kwa mkataba wa mwaka mmoja na fedha kidogo. Tena unaweza kumuuza Julai na kumsajili Desemba, haikatazwi. Wala sikubaliani na wale wa upande wa pili wanaotaka kila mwenye miaka thelathini apelekwe mnadani. Mwaka 2022 Cubs walimbakisha mdakaji wao Willson Contreras kwa sababu bei waliyopewa haikuwaridhisha, ingawa yeye na Ian Happ walishakumbatiana kwenye benchi wakidhani ni kwaheri. Mwisho wa msimu akaenda St. Louis, Cubs wakapata nafasi ya drafti. Si wizi, si hasara. Bei ikiwa mbaya, acha.

Ninachotaka mimi kama shabiki ni ofisi inayouza ikiwa imejiwekea mwaka wa kuacha kuuza, na siku hiyo ikifika ifungue mkoba hata kama mkono unatetemeka. Glenn Davis anaweza kutokea tena, ndiyo. Afadhali Glenn Davis kuliko ghala linaloliwa na panya.

Desemba 2025 Orioles walimsajili Pete Alonso kwa miaka mitano na dola milioni 155, fedha ileile ya Lester. Anacheza besi ya kwanza, pale alipokuwa akisimama Mancini. Na kwa waliosahau, fainali ya mashindano ya kupiga homurani ya Julai 2021, Denver, Mancini akiwa ametoka tu kwenye saratani, alishindwa kwa homurani moja, 22 kwa 23. Aliyemshinda ni Alonso. Tiketi ya msimu huu nimeshanunua, upande wa jua vilevile.